Harufu Ambayo Baba Mkwe Hakuisikia

Mwanangu, kuna asubuhi moja ambayo mpaka leo nikifumba macho naiona yote. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, mlima umefichwa, na maji ya mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia, yalikuwa yakipita nyuma ya nyumba taratibu kama mtu anayezungumza peke yake. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jiko la mama mkwe wangu kule Machame, nimejifunga kanga mpya, ndoa yangu bado mbichi. Ilikuwa Krismasi. Ndani, sufuria kubwa ya nyama ya nguruwe ilikuwa imeanza kupata moto na mafuta yalikuwa yanayeyuka. Mvuke wa kwanza uliponifikia nilirudi nyuma, nikashika nguzo ya mlango.

Kaa vizuri nikueleze, maana habari hii haitaki haraka.

Mimi nilizaliwa Mamba, upande wa Marangu, na tangu utoto nilijulikana kwa pua. Wengine walipewa sauti za kwaya, wengine miguu ya kupandisha wageni mlimani, mimi nikapewa pua. Niliweza kulala kitandani nikajua kwamba huko juu msituni mvua imeshaanza, kwa sababu upepo ulileta harufu ya majani mabovu na mawe yaliyolowa. Bibi yangu alikuwa akinipeleka kwenye ghala nimnusie mahindi kama yameingia unyevu, na nikisema yameingia, yanatolewa kuanikwa, basi. Hakuna aliyeniuliza nina uhakika gani. Nikaolewa nikidhani dunia nzima inanusa kama ninavyonusa mimi.

Nyumba niliyoolewa ilikuwa ya watu wema. Baba mkwe alikuwa fundi redio, na kijiji kizima kilimwita Fundi, hata mchungaji. Kwenye kibanda chake cha kazi kulikuwa na redio zilizofunguliwa matumbo, nyaya za rangi zote, na chuma chake cha kulehemia, chenye mpini wa mbao na ncha ya shaba, alichokipasha moto kwenye jiko la mkaa. Alikuwa mtu wa kusema kidogo na kupima sana. Watu walipoanza kununua redio mpya badala ya kutengeneza za zamani, akajenga banda la nguruwe chini ya kahawa, na nguruwe nao aliwafuga kifundi. Alipima pumba, akaangalia, akakumbuka. Aligundua kwamba dume asiyehasiwa hukua upesi na kujaza nyama kuliko aliyehasiwa, kwa chakula kilekile. Kuanzia hapo hakuhasi tena hata mmoja. Bucha za Kwa Sadala na wachoma nyama wa Moshi mjini waliwajua madume wa Fundi kwa ukubwa, na jambo hilo lilimpa furaha ambayo hakuwahi kuitaja, lakini uliiona jinsi alivyotembea akienda bandani.

Sasa turudi kwenye mlango wa jiko. Harufu ile nitakuelezaje? Fikiria sweta lililoloweshwa jasho likakauka, likaloweshwa tena, halafu likasahaulika kwenye kona ya choo. Haikuwa nyama iliyoharibika. Nyama ilikuwa mpya kabisa. Harufu ilikaa ndani ya mafuta yenyewe, na yalipopata joto ikatoka. Tangawizi, ndimu na kitunguu saumu, ambavyo mama mkwe alikuwa ametia kwa wingi kuliko nilivyowahi kuona, vilikuwa vinaelea juu yake tu. Nikatoka nje, nikasimama kwenye migomba nikivuta hewa ya ukungu.

Wanawake waliokuja kusaidia kupika walitazamana wakatabasamu. Walidhani nina mimba. Mama mkwe peke yake hakutabasamu. Alinitazama kwa muda, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali, kisha akainama akachochea moto.

Mume wangu, Elinami, alinifuata nje.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Ile nyama inanuka, Elinami."

"Inanukaje na imechinjwa jana?"

"Haijaoza. Mafuta yake ndiyo yananuka."

Akaingia jikoni, akafunua sufuria, akainama juu ya mvuke. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyeonewa.

"Mimi nasikia harufu nzuri," alisema. "Kama maua ya kahawa, tamu, inatoka mbali. Nimeipenda tangu nikiwa mdogo. Halafu wewe unasema nyama ya baba inanuka."

"Sijasema chochote juu ya baba."

"Umesema nyama yake."

Mezani siku ile Fundi aliniwekea kipande cha mgongo chenye mafuta, kwa mkono wake mwenyewe, kwa kunipa heshima kama mke wa mwanawe. Nilikila chote. Machozi yalinilenga, na yeye akacheka kidogo akidhani ni pilipili.

Baada ya hapo, mwanangu, niliingia katika kipindi ambacho hata leo nikikikumbuka nakiona kama ndoto. Kuna siku nyama ilipikwa na sikusikia kitu, harufu safi tu ya nyama na chumvi. Kuna siku mvuke uliinuka na sweta lile likarudi. Sikujua kwamba siku zile safi walikuwa wamechinja jike. Nilichojua ni kwamba nyumba nzima inakula kwa raha, mume wangu ananusa maua, na mimi peke yangu nasikia uvundo unaokuja na kuondoka. Nikaanza kuishi kama mtu ambaye hajui kama ameamka.

Kahawa ilipochanua, matawi yote yakawa meupe, nilikuwa nashuka peke yangu asubuhi na kuingiza uso wangu katikati ya maua. Nilinusa mpaka kichwa kikazunguka. Nilikuwa namtafuta mume wangu humo. Nilitaka nisikie anachosikia yeye, angalau kidogo, ili tuwe watu wa dunia moja. Lakini maua yalinuka maua, na sufuria ilinuka sufuria.

Hatukugombana na Elinami. Afadhali tungegombana. Alikuwa ananisalimia vizuri, ananiletea maji ya kuoga, na hapo katikati kulikuwa na kitu kama ukuta wa ukungu. Siku moja nilimsikia shangazi yake akisema kwamba mabinti wa Mamba wanajidai, wanaonea kinyaa vyakula vya watu. Elinami alikuwa amesimama pale, na hakumjibu.

Mvua za masika zilipokaribia kwisha, wifi yangu Aikande akachumbiwa. Mchumba alikuwa kijana wa Old Moshi, familia kubwa, watu wa kanisani, wanaojua kula na kusema. Fundi alifurahi, akashuka bandani, akachagua dume mkubwa kuliko wote, akamtenga na kuanza kumpa chakula cha peke yake. "Waje wote na majirani zao," alisema. "Wataondoka wakimtaja huyu."

Nilipomwona dume yule usingizi ulinihama. Niliiona siku yenyewe. Mahema yamefungwa kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, wakwe wamekaa kwenye viti vya kukodi, sahani zinapita, na katikati yao kuna wanawake wenye pua kama yangu. Ingetosha mmoja kuweka leso puani. Aikande angeingia kwa watu akifuatwa na habari hiyo maisha yake yote.

Nikaamua kwamba Jumapili, wadogo zake Fundi watakapokuja kupanga mambo ya harusi, nitasema mezani mbele ya wote. Nilikuwa na hasira ya miezi. Niliona kwamba nikisema mbele ya watu, hakuna atakayeweza kusema sijasema.

Siku chache kabla ya Jumapili hiyo nilikuwa na mama mkwe kwenye mfongo tunaosha ndizi za mtori. Nikamweleza nia yangu. Aliendelea kuosha ndizi aliyokuwa nayo mpaka ikawa nyeupe kabisa.

"Utamwambia nini hasa?" aliuliza.

"Kwamba nyama ya madume wake inanuka, Mama. Kabla hatujaaibika."

"Sawa. Ukishamwambia, ataweka kipande puani, na hatasikia kitu. Hapo atakuwa amebaki na nini? Atabaki na mke wa mwanawe aliyemtukana mbele ya wadogo zake."

"Kwa hiyo ninyamaze? Aikande aaibike?"

Alitazama maji yakipita na maganda ya ndizi juu yake.

"Mimi naisikia," alisema.

Nilidhani sijamwelewa.

"Hiyo harufu. Naisikia tangu mwaka alioacha kuhasi. Ndiyo maana natia tangawizi kama mwendawazimu. Ndiyo maana siku ya nyama mimi nakula ndizi, nasema ni meno." Akaweka ndizi kwenye beseni. "Nilimwambia mara moja tu. Watoto walikuwa wadogo, nimechoka, nikamwambia kwa hasira kwamba nyama yako inashinda choo kwa kunuka. Akaweka sahani chini akatoka nje. Mpaka leo hajui kama nilikuwa nasema nyama au nasema yeye. Na mimi sikumrudia nikamweleza. Ilikuwa asubuhi, ikawa wiki, ikawa maisha."

Alisimama, akajipangusa mikono kwenye kanga, na sauti yake ikabadilika. Hapo ndipo nilipokaripiwa, mwanangu, kwa upole ambao ulikuwa mzito kuliko kofi.

"Wewe unataka kurudia kosa langu, tena mbele za watu. Usimrushie mtu kitu asichoweza kukidaka. Mtafutie mahali pa kukishikia. Mimi sikupatafuta. Nenda katafute wewe, bado una nguvu."

Siku ya soko nilishuka Kwa Sadala na vikapu vya ndizi, na nilipomaliza kuuza nikaenda kwa Bibi Mifugo. Alikuwa mama wa makamo mwenye buti za mpira, aliyezunguka vijijini kwa pikipiki kuchanja mifugo. Nilimkuta anapumzika nje ya ofisi yake, magunia ya pumba yamepangwa ukutani. Nilimsimulia yote, hata habari ya maua ya kahawa, ingawa hiyo niliisema kwa aibu, nikitazama chini.

Hakucheka. Alisogeza kiti.

"Kwenye mafuta ya dume kuna harufu mbili," alisema. "Moja inatoka tumboni kwake, inazidi banda likiwa bichi na nguruwe wanalalia mavi yao. Hiyo karibu kila mtu anaisikia. Ya pili inatengenezwa kwenye korodani dume akishabalehe, halafu inakwenda kujificha kwenye mafuta. Nyama ikiwa baridi huwezi kuijua sana. Ikipata moto inatoka. Hiyo ya pili ndiyo yenye maajabu, kwa sababu kuna watu hawaisikii kabisa. Hawajifanyi. Pua zao hazina mahali pa kuipokea. Wanaume wengi wako hivyo kuliko wanawake."

"Na maua?"

"Wapo wachache wanaoisikia kama kitu kitamu. Wengine watakwambia ni maua."

Nilikaa kwenye gunia la pumba nikalia. Bibi Mifugo alidhani amenisikitisha. Hakujua kwamba kwa muda wote ule nilikuwa nalala na mume niliyedhani ananidanganya, naye analala na mke aliyedhani anamdharau, kumbe kila mmoja alikuwa anasema alichosikia.

Nilipotulia nikamwuliza kama kuna namna ya kumwonyesha mtu asiyesikia.

"Kule kwenye machinjio makubwa wanapasha chuma moto, wanakigusisha kwenye mafuta, na mtu mwenye pua ananusa moshi wake," alisema. "Ukiwa na watu kadhaa, kila mmoja akanusa peke yake bila kujua kipande kimetoka kwa nani, majibu yao yatakuonyesha."

"Chuma cha namna gani?"

"Chochote chenye ncha. Hata kile cha kulehemia redio."

Nilipanda kurudi nyumbani kwa miguu, na sikumbuki njia. Nakumbuka tu kwamba mawingu yalifunguka, Kibo akatokea mweupe juu ya migomba, nikasimama katikati ya barabara kama mgeni.

Wale wadogo zake Fundi walikuja Jumapili, wakala, wakapanga, na mimi sikusema neno. Asubuhi iliyofuata nilimkuta Fundi kwenye kibanda chake, miwani imeshuka puani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nina swali la kifundi."

Akainua macho. Nikamweleza kwamba mimi na Elinami tumetofautiana juu ya harufu. Mimi nikinusa mafuta ya dume yakipata moto nasikia uvundo, yeye anasikia maua, na Bibi Mifugo amesema pua za watu hazifanani na jambo hilo linaweza kupimwa. Nikamwomba atuamue.

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Na mimi?" aliuliza. "Huyo Bibi Mifugo amesema mimi nasikia nini?"

"Hajui, Baba. Na mimi sijui."

"Mimi nasikia nyama." Akageuza redio aliyokuwa akiitengeneza, akaitazama nyuma. "Redio ikishindwa kukamata stesheni, mimi huwa siwaambii watu kwamba stesheni haitangazi. Tutapima."

Mwanangu, yule mzee alipoamua kupima, alipima. Siku dume wake mmoja alipochinjwa Kwa Sadala, alishuka mwenyewe. Akarudi na vipande vya mafuta ya mgongo vya dume yule, na vingine vya majike wa watu, kila kimoja amekifunga kwenye jani la mgomba. Kwa chini kila jani alilitia alama anayoijua peke yake. Akavipanga kwenye meza ya redio, akavichanganya. Kisha akatuita wote, akasema tukae nje kwenye benchi na mtu yeyote asizungumze habari hii. Mimi akanipa kazi ya kupepea mkaa baada ya zamu yangu, kwa sababu aliniita wa kwanza.

Alichomoa chuma kwenye makaa, akagusisha ncha kwenye kipande. Mafuta yakalia, uzi mwembamba wa moshi ukapanda. Niliinama. Safi. Cha pili, safi. Cha tatu, sweta likanirukia usoni, nikageuka. Kila kipande nilikisogeza upande wake, naye akachungulia alama chini ya majani bila kuonyesha chochote usoni. Akavirudisha katikati, akavichanganya upya.

Akaja mdogo wake mmoja. Alinusa vyote na kusema anasikia mafuta tu, na anasikia njaa. Akaja Aikande, akafunika pua palepale nilipogeuka mimi, akasema, "Baba, hii ni nini?" Akaja Elinami. Alinusa polepole, macho amefumba. "Hiki hakina kitu," alisema. "Hiki nacho hakina. Hiki kina maua." Na kile alichosema kina maua nilikitambua mimi niliyekuwa pembeni nikipepea, kwa sababu moshi wake ulinifikia nikazuia pumzi. Tulitazamana juu ya moshi ule. Alinitazama kama alivyonitazama siku ya kwanza alipokuja kwetu.

Wa mwisho akawa mama mkwe. Alisimama mlangoni bila kuingia.

"Ingia, Mama Elinami," Fundi alisema.

"Mimi ni mzee. Pua yangu ya nini?"

"Ingia tu."

Aliingia. Fundi akapasha chuma upya. Mama alinusa kipande kimoja kimoja. Hakukunja uso wala hakugeuka. Alikuwa amezoea kutokunja uso. Alichukua vipande vya dume, kimoja baada ya kingine, akavisogeza pembeni kwa kidole, na hakukosea hata kimoja.

Fundi aligeuza majani, akatazama alama zake. Akayatazama tena. Kisha akaketi kwenye kigoda chake cha kazi, na nadhani wote wawili walisahau kwamba nipo.

"Siku ile," alisema. "Ile siku uliyoniambia kuhusu choo."

"Ndiyo."

"Nilidhani umechoka kuishi na mimi."

Mama mkwe alishika ukingo wa meza. "Nilikuwa nasema nyama, Baba Elinami. Sikuwa nasema wewe."

"Na miaka yote hii?"

"Miaka yote nilikuwa nasubiri unifikie, nikuambie vizuri. Halafu nikaona hutafika."

Fundi alitoka nje. Nilimwona kupitia dirisha anashuka hadi mpakani mwa kihamba, pale masale yalipopandwa. Wewe ni mtoto wa huku, unajua jani la sale lina maana gani. Mtu akikuletea jani lile amekuja kuomba msamaha, na hakuna Mchagga anayelikataa. Fundi alikata moja, akalifunga fundo, akarudi. Sikuwahi kumwona mwanamume akimletea mkewe sale. Wazee waliletewa, majirani waliogombea mpaka waliletewa, lakini mke, hapana. Alimwekea mikononi. Mama akalishika kwa mikono miwili, akasema, "Aika," yaani asante, na sauti yake ilikuwa ya msichana.

Yule dume mkubwa hakuchinjwa. Harusi ya Aikande tulipika majike, na wakwe wa Old Moshi walikula mpaka wakaomba mchuzi wa kubeba. Fundi akarudi kuhasi, watoto wa nguruwe wakiwa bado wananyonya kama Bibi Mifugo alivyomfundisha, akalisakafia banda saruji, akawa analifagia mwenyewe kila asubuhi. Nguruwe wake hawakuwa wakubwa tena kama zamani. Jambo hilo lilimuuma, nisikudanganye. Lakini alizunguka bucha hadi bucha, Kwa Sadala na Moshi mjini, akawaambia wenye bucha ukweli: "Nilikuwa siisikii. Kama kuna wateja waliolalamika, walikuwa wanasema kweli." Baadhi yao walishangaa, maana nao hawakuwa wanaisikia.

Kuhusu Mama, ningependa kukuambia kwamba alianza kula nyama kwa furaha. Haikuwa hivyo. Alijaribu, akasema ni nzuri, akarudia ndizi zake. Alikuwa ameshazizoea, na miaka aliyokaa kimya hakuna aliyeweza kumrudishia. Lakini sasa siku za nyama Fundi alivuta kiti akakaa karibu naye, naye akala ndizi sahani moja na mkewe.

Mimi na Elinami tulibaki na mchezo wetu. Tukitembea shambani mmoja anamwuliza mwenzake, wewe hapa unasikia nini? Ananieleza, namweleza. Niligundua kwamba hata moshi, hata mvua, hata kichwa cha mtoto wetu mchanga, hatukuvisikia sawa. Tuliishi hivyo, tukisimuliana, mpaka alipotangulia mbele za haki, na kuna asubuhi za ukungu ambapo bado namwuliza.

Sasa nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu, nakupa wazi usiipoteze. Mwenzako akikuambia anasikia kitu usichokisikia wewe, usiharakishe kumwita mwongo wala mwenye dharau. Mwulize kinafananaje. Huenda mwili wako haukupewa mlango wa kukipokea, na hilo si aibu. Aibu ni kumfungia mlango yeye. Na wewe ukiwa ndiye unayesikia peke yako, usijikane. Usikubali kuitwa mgonjwa kwa jambo lililopo kweli. Ila usiwarushie watu usoni ulichonacho. Tafuta namna ya kukiweka mezani ili hata asiye na pua akione kwa macho. Tena usikae nacho mpaka kikageuka maisha. Kimya cha mama mkwe wangu kilitoka kwenye mapenzi, nakiheshimu, lakini kilimla. Nenda leo kaulize watu wa nyumbani kwako ni kitu gani wamekuwa wakikimeza bila kusema. Uliza kwa sauti ya chini, na ukishauliza, subiri jibu.

Ruwa, Mungu aliyewatunza wazee wetu juu ya mlima huu, akupe mtu wa kukuamini siku utakayokuwa peke yako. Akupe na moyo wa kumwamini mwingine siku itakapokuwa zamu yake. Nyumba yako isikose mazungumzo, na atakayeketi mezani kwako asiogope kusema. Nenda kwa amani, mwanangu.